Donge Lisipotoka Mara ya Kwanza: Mbinu kwa Familia ya Mgonjwa wa Kiharusi

Daktari anatoka kwenye chumba cha anjiografia, anashusha barakoa, anakwambia: "Tumeingia mara tatu ndipo damu ikapita." Usishangilie bado. Usianze kulaumu pia. Kuna maswali ya kumuuliza, na kuna kazi ya kufanya usiku huohuo.

Anachozungumzia ni trombektomi. Katheta nyembamba inaingizwa kwenye ateri ya kinena au ya kifundo cha mkono, inapandishwa hadi kwenye ubongo, kisha donge la damu linanaswa kwa wavu mdogo wa waya au linafyonzwa. Wakati mwingine linatoka kwa mvuto mmoja. Wakati mwingine linang'ang'ania, na daktari anarudi tena na tena.

Ukiwa Kigali, jambo hili litakufikia kwa njia mojawapo kati ya mbili. Mgonjwa yuko nawe nyumbani Nyamirambo au Kimironko. Au ndugu yako yuko Brussels, Nairobi au Dubai, na simu inalia usiku, wanataka familia iridhie. Mbinu hizi zinafaa kote kuwili.

Anza na saa

Swali la kwanza utakaloulizwa hospitalini ni hili: mara ya mwisho mgonjwa alionekana mzima ilikuwa saa ngapi? Si saa uliyomkuta chini. Ni saa ya mwisho mtu alipomwona akizungumza na kutembea vizuri. Aliyeamka asubuhi mdomo umepinda, hesabu inaanzia alipokwenda kulala.

Iandike kwa tarakimu za saa 24. "Saa mbili usiku" andika 20:00. Faili inaweza kupita kwa mtu anayesoma Kifaransa, mwingine Kiingereza, na "saa mbili" ikageuka 2:00 njiani. Kosa la saa sita hapo linaweza kumnyima mgonjwa dawa, au likampa dawa isiyomfaa tena.

Mpime kwa mambo matatu. Mwambie acheke: je, upande mmoja wa uso umelegea? Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, afumbe macho: je, mmoja unashuka? Mwambie aseme sentensi fupi: je, maneno yanavurugika? Likitokea ghafla hata moja, hicho ni kiharusi mpaka ithibitike vinginevyo. Usingoje aamke asubuhi akiwa nafuu. Mganga wa kienyeji pia angoje.

Piga 912. Hiyo ni SAMU, huduma ya ambulansi za dharura, na simu ni bure. Sema neno "kiharusi" au "stroke" mwanzoni kabisa, sema saa ile uliyoandika, kisha sema ulipo. Hapa ndipo watu wengi wa vilimani wanapoteza dakika. "Chini ya msikiti, pita kwa fundi cherehani" haimsaidii dereva aliyetokea upande mwingine wa mji. Nenda leo ukakipige picha kibao kilicho karibu nawe, kile chenye KN, KG au KK na namba ya barabara. Itume kwenye kundi la familia, muibandike na kwenye friji. Kama nyumba yenu gari haliifikii, mtu mmoja atangulie barabarani na tochi wakati wengine wanamtelemsha mgonjwa kwa blanketi.

Moto, ile pikipiki ya abiria, usiipande na mgonjwa. Najua ndiyo ya haraka, najua iko mlangoni. Lakini mtu aliyepooza upande mmoja hawezi kujishika, na akitapika njiani anaweza kupaliwa. Gari la jirani ni afadhali, mgonjwa alazwe ubavu, na wewe uwe simuni na 912 muda wote ili wakuelekeze hospitali ipi.

Swali la kuwauliza SAMU ni moja: wapi CT skani inafanya kazi sasa hivi? Kituo cha afya cha mtaani ni kizuri kwa mengi, ila hakina picha ya ubongo, na bila picha hakuna tiba ya donge inayoweza kuanza. Hospitali za rufaa kama CHUK, King Faisal na ile ya kijeshi ya Kanombe ndizo za kuulizia kwanza. Na ukipata nafasi wiki hii, kabla hujauguliwa na mtu, pita moja kati ya hizo uulize mapokezi ya dharura: mnapokea kiharusi usiku? Mna dawa ya kuyeyusha donge? Trombektomi mnafanya au mnapeleka wapi? Jibu liandike kwenye simu yako.

Mkingoja gari, hakuna kitu kinachoingia mdomoni. Si maji, si chai, si kidonge cha presha, na hasa si aspirini. Kiharusi kinaweza kuwa donge lililoziba au mshipa uliopasuka, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Aspirini kwa mshipa uliopasuka inazidisha balaa. Kutoboa ncha za vidole kwa sindano ili "damu mbaya itoke", ile inayosambazwa kwenye WhatsApp, achana nayo. Kidole kimoja tu kina kazi: kama nyumbani kuna mashine ya sukari, pima. Sukari ikishuka sana inaweza kuigiza kiharusi.

Chukua indangamuntu, karatasi za mituweli au bima nyingine, na mfuko wote wa dawa anazotumia. Usichague dawa, beba mfuko mzima. Kama anameza warfarin, labda kwa sababu ya valvu ya moyo iliyobadilishwa, beba na daftari lake la INR, kipimo cha kuganda kwa damu. Warfarin inaweza kumzuia kupata dawa ya kuyeyusha donge, lakini haimfungii trombektomi. Daktari akijua hilo ndani ya dakika 5 anapanga njia nyingine mapema.

Ukiwa pale dharura

Simama karibu na kitanda, kaa kimya, lakini usipotee. Atakayeulizwa ni wewe.

Picha ikitoka, uliza: ni donge au ni damu iliyovuja? Kama ni donge na bado hazijapita saa 4 na nusu tangu alipoonekana mzima, uliza kama anafaa kupata dawa ya kuyeyusha donge, alteplase au tenecteplase. Alteplase iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 kwa ajili ya kiharusi, kwa hiyo hutakuwa unaulizia kitu cha ajabu. Presha yake itabidi iwe chini ya 185 kwa 110 kabla dawa haijaingia. Waache wao waishushe.

Swali la pili: mshipa ulioziba ni mkubwa? Trombektomi ni ya mishipa mikubwa. Kama mshipa ni mdogo sana, hakuna cha kung'ang'ania, dawa ndiyo tiba yake.

Kama ni mkubwa, swali la tatu ndilo gumu: hapa inawezekana, na kama haiwezekani, kuna mahali anakoweza kufika kwa wakati? Kanuni ya kawaida ni ndani ya saa 6. Tangu utafiti wa DAWN uchapishwe mwaka 2018, wapo wanaokubaliwa hadi saa 24, lakini ni wale tu ambao picha inaonyesha bado kuna sehemu kubwa ya ubongo ya kuokoa. Ndege ya kwenda Nairobi ni mwendo mfupi. Kinachokula muda ni vibali, ambulansi mbili, oksijeni, kitanda na malipo ya kule. Familia nyingi huanza kuchangishana fedha za ndege kabla ya kumuuliza daktari kama picha inaruhusu. Geuza mpangilio huo. Picha itumwe kwanza kwa wanaopokea, wao waseme "mlete" au "msimlete", ndipo mfungue kundi la michango. Wakisema msimlete, mgonjwa akibaki kwenye wodi inayomwangalia vizuri hapahapa atapata faida zaidi kuliko kumaliza usiku kiwanja cha ndege.

Na usikubali mtu akwambie tiba hii ni ya nchi tajiri pekee. Brazil waliijaribu kwenye hospitali za umma kwa wagonjwa 221, matokeo yakachapishwa mwaka 2020, na ilisaidia kule pia. Ni suala la mashine, madaktari waliofunzwa na mpangilio, na hayo yote hujengwa.

Mara ngapi ni nyingi?

Sasa turudi kwa daktari na barakoa yake.

Trombektomi yenyewe inafanya kazi. Tafiti tano kubwa zilizounganishwa mwaka 2016, zenye wagonjwa 1,287, zilionyesha kwamba asilimia 46 ya waliofanyiwa waliweza kujitegemea baada ya siku 90. Kwa wale waliopata tiba ya kawaida tu walikuwa asilimia 26 na nusu. Kwa hiyo ukiulizwa kuridhia na mgonjwa anafaa, ridhia upesi. Mshipa mkubwa ukiziba, ubongo unapoteza kama seli milioni 1.9 kila dakika. Mkutano wa ukoo kwa simu ufanyike baadaye.

Ila ukubali pia kwamba mvuto wa kwanza ndio wenye bahati kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na Osama Zaidat na wenzake, kwa wagonjwa 354 wa Amerika Kaskazini, uliwatazama wale ambao donge lilitoka lote kwa mvuto mmoja. Walikuwa mmoja kati ya wanne. Kati yao, asilimia 61 walirudi kujitegemea. Kwa wengine waliobaki, ni asilimia 35. Tangu hapo tafiti nyingine nyingi zimeelekea upande huohuo: kila mvuto unaoongezeka, nafasi ya kupona vizuri inapungua, na hatari ya damu kuvuja ubongoni inapanda.

Sababu ni tatu, na zote zinaeleweka. Muda unakwenda: katika utafiti uleule damu ilirudi kwa kama dakika 34 kwa waliobahatika mara ya kwanza, na dakika 60 kwa wengine. Ukuta wa ndani wa ateri unakwaruzwa kila waya unapovutwa. Na donge linaweza kumeguka, vipande vikakimbilia kwenye mishipa midogo ya mbele.

Lakini hapa ndipo ndugu wengi wanakosea hesabu. Donge lililohitaji mivuto mitano mara nyingi lilikuwa gumu tangu mwanzo, limekaa pabaya, au mishipa imepindapinda kwa sababu ya umri na presha ya miaka mingi. Mivuto mingi ni dalili ya kesi ngumu kabla haijawa kosa la mtu. Na damu iliyorudi kwa mvuto wa nne bado ni bora kuliko mshipa uliobaki umeziba. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Kwa hiyo swali la "mliingia mara ngapi?" liulize, ila lisiwe la kwanza. La kwanza liwe: damu imerudi kwa kiwango gani? Madaktari wana kipimo kiitwacho TICI. Sufuri maana yake hakuna kilichopita. 2b maana yake angalau nusu ya eneo limepata damu tena. 2c ni karibu lote, 3 ni lote. Sikiliza herufi hiyo. Mgonjwa mwenye 2c baada ya mivuto mitatu amefika mbali kuliko mwenye 2a, yaani chini ya nusu, baada ya mmoja.

Kisha uliza idadi. Kisha uliza: mlibadilisha mbinu? Timu nyingi, mvuto wa pili au wa tatu ukishindwa, huacha kurudia kilekile. Walioanza na wavu wanaongeza kufyonza, au wanabadili katheta, au wanaangalia kama tatizo si donge bali mshipa wenyewe uliobanwa na mafuta, ambao huenda ukahitaji stenti. Jibu likiwa "ndiyo, tulibadilisha", umepata watu wanaofikiri.

Ukipigiwa simu ukiwa Kigali na upasuaji unaendelea nje ya nchi, na daktari anasema donge limekataa, anataka kujua kama familia inataka aendelee, usijibu "fanyeni lolote". Muulize hivi: "Daktari, ukiendelea, unaona faida bado inazidi hatari?" Yeye ndiye anayeona picha. Akisema asimame, mwache asimame. Kusimama kwa wakati nako ni ufundi, na kumlazimisha aendelee kwa ajili ya mapenzi yenu hakumsaidii mgonjwa.

Usiku wa kwanza na siku zinazofuata

Mivuto ikiwa mingi, uangalizi nao uongezeke. Hilo ndilo matumizi halisi ya ile namba uliyoambiwa. Uliza picha ya CT ya marudio itapigwa lini. Kwa kawaida ni ndani ya saa 24 au mara moja hali ikibadilika. Akianza kulalamika kichwa kinapasuka, akitapika, akisinzia kuliko mwanzo, au mkono uliokuwa umeanza kusogea ukalegea tena, mwite muuguzi papo hapo. Usingoje raundi ya asubuhi.

Kama katheta iliingilia kinenani, funua shuka upaangalie. Mguu uliotobolewa ubaki umenyooka kwa muda walioutaja. Ukiona uvimbe unaokua au bandeji imelowa damu, gandamiza kwa kiganja kwa nguvu juu ya kidonda na uite kwa sauti. Mguu wenyewe uguseguse: ukiwa wa baridi na umepauka kuliko mwenzake, sema.

Presha waachie wao. Kuna ndugu anayetoa kidonge mfukoni kwa sababu mashine imeandika 160. Utafiti mmoja wa China uliochapishwa mwaka 2022 ulisimamishwa mapema kwa kuwa wagonjwa walioshushwa presha hadi chini ya 120 baada ya trombektomi walikuwa na matokeo mabaya zaidi. Ubongo uliotoka kuzibwa unahitaji damu ya kutosha.

Chakula sasa. Saa ya kutembelea wagonjwa ikifika, shangazi atakuja na chupa ya uji, na atakuwa ameshamimina kikombe kabla hujamaliza kumsalimu. Mzuie kwa adabu. "Shangazi, asante sana, lakini bado hajapimwa kumeza." Mgonjwa wa kiharusi anaweza kumeza uji ukaenda kwenye mapafu bila hata kukohoa, na nimonia ikamwua wakati ubongo ulikuwa umeshaokolewa. Muulize muuguzi kipimo cha kumeza kimefanyika lini. Mpaka hapo, andika kwa herufi kubwa juu ya kitanda: ASIPEWE KITU MDOMONI. Uji wa shangazi unywe wewe, una usiku mrefu.

Mgeuze kila baada ya saa 2, muuguzi akuonyeshe namna. Mkono uliopooza usiuvute unapomwinua, shika chini ya bega na kiuno. Siku ya kwanza usimlazimishe kutembea ili "damu izunguke". Utafiti wa AVERT wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kumsimamisha mapema mno na kwa wingi mno ndani ya saa 24 kulipunguza nafasi ya kupona vizuri. Kaa na mfiziotherapia, fuata ratiba yake, kisha endelea nyumbani kila siku bila kuruka.

Kabla ya kuruhusiwa, swali moja lisikosekane: donge lilitoka wapi? Kama ni moyo unaopiga ovyo, dawa yake ni ya kupunguza kuganda kwa damu. Kama ni mafuta shingoni, dawa ni nyingine. Kama mgonjwa ni kijana, omba moyo uangaliwe kwa ekografia, maana homa ya baridi yabisi ya utotoni huharibu valvu kimyakimya, na Rwanda wagonjwa hao wapo wengi. Kurudi nyumbani bila jibu la swali hili ni kungoja donge la pili.

Fungua kalenda ya simu, hesabu siku 90 tangu siku ya tukio, weka alama. Hapo ndipo madaktari hupima matokeo, kwa kipimo cha kuanzia 0 hadi 6. Sufuri ni mzima kabisa, 2 anajitegemea ingawa si kila alichokuwa akifanya anakiweza, 6 amefariki. Wiki ya kwanza isikukatishe tamaa. Wapo wanaotoka wodini kwenye kiti cha magurudumu na kufika siku ya 90 wakijipikia.

Na ninyi wengine wa nyumba hiyohiyo, pimeni presha. Kigali ina Car Free Day Jumapili mbili kwa mwezi, na huwa kuna watu wa afya wanaopima presha na sukari bure hapohapo barabarani. Nenda na kaka zako. Aliyekutwa na presha aanze dawa, na asiiache siku atakapojisikia mzima.